Homoni za ng'ombe wa maziwa Tanga: tumezipima sindano za joto, kifaa cha projesteroni, ya kushusha maziwa na ile ya ukuaji

Mfugaji wa Tanga mwenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa nyuma ya nyumba, awe Pongwe, Amboni au Muheza, hukutana na homoni kwa njia moja. Ng'ombe amezaa, mwezi wa nne unakatika, joto la kutaka kupandwa halionekani, na mhimilishaji, yule anayempandikiza ng'ombe mbegu za dume kwa mrija, anamwambia ipo sindano. Hela inaanza kutoka hapo. Tathmini hii inaipima sindano hiyo pamoja na nyingine zinazotajwa karibu nayo, kwa jicho la mtu anayelisha majani ya kukata, anayepeleka maziwa kituoni asubuhi, na asiye na ng'ombe wa kuchezea bahati nasibu.

Tuseme mapema tunavyohukumu. Prostaglandini, ile sindano ya kuleta joto, ina thamani ya bei yake, kwa sharti la ng'ombe kupimwa kwanza. Gonadorelini inafaa kwa anayeweza kufuata saa. Kifaa cha projesteroni ni kizuri kwa ng'ombe wachache waliochaguliwa. Oksitosini ibaki mkononi mwa daktari wa mifugo. Homoni ya ukuaji haina nafasi katika banda la Tanga, na sababu zake tutazieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndizo zinazofafanua hata kwa nini ng'ombe wako hajaingia joto.

Prostaglandini huja kwa namna mbili. Kuna kloprostenoli, ambayo dozi ya ng'ombe mkubwa ni mikrogramu 500, yaani mililita 2 za dawa yenye mikrogramu 250 kwa kila mililita. Kuna dinoprosti, dozi yake miligramu 25, yaani mililita 5 za dawa yenye miligramu 5 kwa mililita. Zote huchomwa ndani ya msuli. Kati ya hizo mbili hakuna haja ya kubishana ipi bora. Soma lebo ujue kiasi kilichomo katika kila mililita, maana anayezoea mililita 2 za moja akichoma mililita 2 za nyingine amempa ng'ombe chini ya nusu ya dozi, kisha dawa inalaumiwa.

Kazi yake ni hii. Yai likishatoka kwenye ovari, mahali lilipotoka huota kinundu cha manjano kinachotoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba. Kinundu hicho kikiwepo, ng'ombe haingii joto. Asiposhika mimba, karibu siku ya 17 kizazi chenyewe hutoa prostaglandini, kinundu kinanywea, na joto linarudi siku ya 21 hivi. Sindano inafanya kazi hiyohiyo mapema zaidi. Maana yake, ng'ombe ambaye hana kinundu hana cha kuvunjwa, na dawa inapotea. Hata mwenye kinundu kichanga, cha siku nne za mwanzo baada ya joto, hasikii dawa. Dirisha la kazi ni kuanzia siku ya 5 au ya 6 hadi ya 17. Ndiyo sababu mtu mmoja huisifu sindano na jirani yake huitukana, na wote wawili wamenunua chupa ileile.

Kwa hiyo huduma unayolipia hasa ni mkono wa mtaalamu. Anayekuja na bomba limeshajazwa, akachoma bila kuvaa glovu ndefu na kumpima ng'ombe kupitia njia ya haja kubwa, mrudishe. Anatakiwa apapase ovari zote mbili atafute kinundu, apapase kizazi kujua kama kina mimba au usaha, ndipo aamue. Suala la mimba si la kufanyia mzaha: prostaglandini ikimpata ng'ombe mwenye mimba, hasa ya chini ya miezi mitano, inaitoa. Tunawajua wafugaji wengi wanaokodi dume la jirani kisha hawaandiki tarehe. Ng'ombe wa namna hiyo akionekana hana joto, uwezekano wa kwanza wa kufikiria ni kwamba ana mimba.

Kama hakuna mtaalamu wa kupapasa ovari kwa uhakika, ila mimba imethibitika kutokuwepo, njia ni sindano mbili zenye siku 11 hadi 14 katikati. Ambao hawakusikia ya kwanza, kwa kuwa walikuwa nje ya dirisha, ya pili huwakuta ndani. Hii inawafaa zaidi wafugaji wa mtaa mmoja wanaotaka ng'ombe wao wahimilishwe kwa pamoja ili wagawane nauli ya mhimilishaji. Inawafaa pia mitamba, ilimradi wamefikia angalau asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yao. Mtamba mdogo wa mwili anaweza kushika mimba akashindwa kuzaa, na hapo hasara inazidi faida ya miezi uliyookoa.

Baada ya sindano, joto huja kati ya siku ya 2 na ya 5. Hapa ndipo huduma nyingi huharibika, na lawama ni ya pande zote mbili. Ng'ombe aliyefungwa peke yake bandani hana wa kumpanda wala wa kumpanda yeye, kwa hiyo ile dalili kubwa ya kusimama akapandwa hutaiona. Tafuta ute angavu wa kuvutika unaoning'inia au uliogandia mkiani, uke uliovimba kidogo na wenye wekundu ndani, kulia ovyo, kutokula vizuri, maziwa kupungua ghafla. Chotara wenye damu ya zebu wana joto fupi, na mara nyingi linaanza usiku. Anayetazama saa tatu asubuhi pekee, baada ya kurudi kituo cha maziwa, atakosa mengi. Tazama alfajiri, adhuhuri, magharibi na kabla ya kulala, dakika 20 kila mara, kwa siku tano mfululizo. Ukimwona asubuhi, ahimilishwe jioni. Ukimwona jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi na mapema. Ukiona damu kidogo ukeni, joto limepita siku moja au mbili nyuma. Usilipie mbegu siku hiyo, andika tarehe ya joto hilo uhesabu siku 21.

Tuseme na la mbegu, maana homoni nzuri haiokoi mbegu iliyokufa. Mrija unakaa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Ukiinuliwa juu ya shingo ya mtungi kwa zaidi ya sekunde chache, kisha ukarudishwa kwa kuwa fahali aliyetakiwa siye, mbegu zimeumia tayari, na hakuna anayeweza kuliona hilo kwa macho. Kuyeyusha kunataka maji ya nyuzijoto 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, yenye kipimajoto ndani. Baada ya hapo mrija ufutwe ukauke, ukatwe, uingie kwenye bunduki ya kuhimilishia, na mbegu ziwekwe mara tu baada ya kupita mlango wa kizazi, yote ndani ya dakika 10 hadi 15. Mhimilishaji anayeyeyusha mrija kwa kuusugua viganjani au kuuweka kwapani juani anaharibu kazi ya Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha, na hela yako pamoja nayo. Muulize bila haya: kipimajoto kiko wapi, na mtungi ulijazwa lini. Mwenye kazi nzuri hachukii maswali hayo.

Usalama wa prostaglandini hautajwi vya kutosha. Inapenya kwenye ngozi ya binadamu. Inaweza kumtoa mimba mama mjamzito na kumbana kifua mwenye pumu. Katika mabanda yetu, mama wa nyumbani ndiye mara nyingi anayeshika kamba au kuokota bomba baada ya kazi. Akiwa mjamzito asikae karibu na chupa wala bomba. Mchomaji avae glovu, na dawa ikimwagikia ngozi iondolewe hapohapo kwa maji na sabuni. Sindano iwe mpya na mahali pa kuchoma pasafishwe, kwa sababu msuli uliochomwa kwa sindano chafu unaweza kupata bakteria wa klostridia, ukavimba, na ng'ombe akafa. Tunaipa prostaglandini nyota 4 kati ya 5. Iliyopungua ni kwa sababu matokeo yake yanategemea mno mkono wa mtu.

Gonadorelini na ndugu yake buserelini hufanya kazi juu zaidi, kichwani. Huamuru tezi iliyo chini ya ubongo imwage homoni inayopasua kifuko cha yai. Dozi ya gonadorelini ni mikrogramu 100, ya buserelini mikrogramu 10. Peke yake haina maajabu. Nguvu yake iko ndani ya ratiba iliyotangazwa mwaka 1995 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani: gonadorelini siku ya kwanza, prostaglandini siku 7 baadaye, gonadorelini tena saa 48 hadi 56 baada ya hiyo, kisha uhimilishaji saa 16 baadaye, ng'ombe awe ameonyesha joto au la. Uzuri wake unaonekana kwa mfugaji wa Tanga mjini anayekwenda kazini na asiye na mtu wa kutazama joto. Ubaya wake ni ziara nne. Mhimilishaji akisema Jumatano "nimekwama Korogwe, tutachoma kesho", ratiba imekufa, na ni bora kuisimamisha kuliko kuimalizia. Wala usitarajie wote washike mimba. Penye usimamizi mzuri, ng'ombe 30 hadi 40 kati ya 100 kwa mzunguko mmoja ni matokeo ya kawaida kwa ng'ombe wanaokamuliwa. Anayekuahidi uhakika anakuuzia maneno. Kwa mitamba ratiba hii haifanyi vizuri. Wape prostaglandini na uwatazame. Nyota 3.

Kifaa cha projesteroni ni kipande cha silikoni chenye umbo la herufi T, kilichobeba takribani gramu 1.4 hadi 1.9 za homoni kulingana na kilikotengenezwa. Kinaingizwa ukeni kwa kifaa chake maalumu, kinakaa siku 7, prostaglandini inachomwa siku ya kukitoa au siku moja kabla, na joto linakuja kati ya saa 48 na 72 baada ya kukitoa. Kati ya njia zote hii ndiyo yenye nafasi ya kumwamsha ng'ombe ambaye ovari zake zimelala, kwa sababu projesteroni ya siku kadhaa ikiondolewa ghafla huufungua ubongo. Gharama yake ni kubwa kuliko sindano, na huleta ute mchafu kidogo wakati wa kutoka, jambo lisilo la kuogofya. Linaloogofya ni kifaa kutumiwa kwa ng'ombe wawili ili kubana matumizi: kinabeba vijidudu, na dozi iliyobaki haitoshi. Pia kamba yake ining'inie fupi. Ng'ombe wa jirani bandani huitafuna na kukivuta nje. Usikiweke kwa ng'ombe mwenye usaha kizazini, wala aliyezaa chini ya siku 40 hivi. Tunakipa nyota 3, na nyota hizo zinashuka hadi moja kikitumika kwa ng'ombe aliyekonda.

Kukonda ndiko kunakotufikisha kwenye homoni ya ukuaji, ile ambayo ng'ombe mwenyewe huitengeneza. Baada ya kuzaa, maziwa yanapanda haraka kuliko uwezo wa tumbo kula. Mwili unaingia kwenye deni la nguvu. Homoni ya ukuaji kwenye damu inapanda juu, inaagiza mafuta ya mgongoni na kiunoni yayeyushwe yakalishe kiwele, na inazuia insulini isiyarudishe mafuta hayo. Katika hali ya kawaida, homoni hiyo ikifika kwenye ini, ini hutoa homoni nyingine iitwayo IGF-1, ambayo pamoja na insulini ndizo zinazokuza vifuko vya mayai kwenye ovari. Kwa ng'ombe mwenye deni, ini linaziba masikio: homoni ya ukuaji iko juu, IGF-1 iko chini, insulini iko chini, na ubongo unapunguza homoni ya kupasua kifuko. Mayai hayakomai, joto haliji. Mwili umechagua ndama aliyepo dhidi ya yule ambaye hajatungwa.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini sindano ya joto haiwezi kumsaidia ng'ombe ambaye mbavu zake zinahesabika. Hana kinundu, kwa sababu hajatoa yai. Hela ya sindano hiyo ipeleke kwenye chakula kwa wiki sita hadi nane kwanza. Ng'ombe wa kilo 400 anataka karibu kilo 40 za majani mabichi kwa siku, majani ya tembo yakatwe yakiwa na urefu wa mita moja hivi, kabla hayajawa vijiti. Achanganyiwe majani ya lukina au gliricidia, yanayoota vizuri kote ukanda huu. Chakula cha ziada, pumba za mahindi zikiwa na mashudu ya alizeti au ya pamba na madini, kilo 1 kwa kila lita 2 za maziwa, kiongezwe taratibu ili tumbo lisichachuke. Maji yasikauke: anayekamuliwa kwenye joto la pwani anaweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, na tunaona mabanda mengi yenye ndoo moja. Na mlishe vizuri miezi miwili kabla ya kuzaa, maana ng'ombe anayezaa akiwa amekonda huchelewa joto hata ukimlisha nini baada ya hapo.

Kuna na hali ya hewa. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto na unyevu wa Tanga vinapanda pamoja. Ng'ombe wa Friesian au Ayrshire anakula kidogo, anaonyesha joto kwa muda mfupi, na kijusi cha siku chache kinaweza kufa kwa sababu ya joto la mwili wa mama yake, hata kama uhimilishaji ulikuwa safi. Mwenye uwezo wa kuchagua apange sindano za kuoanisha joto Juni hadi Septemba. Asiyeweza, amwekee kivuli kizuri wiki nzima baada ya kuhimilisha. Paa la makuti linapoza kuliko bati tupu, na makuti tunayo.

Sasa homoni ya ukuaji ya dukani. Iliyojulikana zaidi ni somatotropini ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa bakteria, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993 na kuanza kuuzwa mwaka 1994 kwa jina la Posilac, ya kampuni ya Monsanto. Dozi ni miligramu 500 chini ya ngozi kila baada ya siku 14, kuanzia kama wiki ya tisa baada ya kuzaa. Ni protini, kwa hiyo hailiwi, tumbo lingeimeng'enya. Kwa ng'ombe wa huko, anayelishwa kwa kipimo kila siku, maziwa hupanda kwa kadiri ya asilimia 10 hadi 15. Ndicho kipande cha habari kinachofika huku. Kilichobaki hakifiki.

Kilichobaki ni kwamba homoni hiyo inazidisha lile deni tulilolieleza. Maziwa hupanda siku chache baada ya sindano, ilhali hamu ya kula huongezeka wiki kadhaa baadaye. Katikati hapo ng'ombe anajila mwenyewe. Lebo ya dawa yenyewe ilionya kuhusu kupungua kwa mimba, kuongezeka kwa siku za kukaa bila mimba, vifuko vya maji kwenye ovari, mapacha, kubaki kwa kondo la nyuma, na ugonjwa wa kiwele. Wataalamu wa Kanada waliokusanya matokeo ya majaribio mengi walipata hatari ya ugonjwa wa kiwele imeongezeka kwa takribani asilimia 25, ya kutoshika mimba asilimia 40, na ya kuchechemea asilimia 55. Kanada ikaikataa mwaka 1999 kwa ajili ya afya ya ng'ombe. Umoja wa Ulaya nao uliipiga marufuku moja kwa moja kuanzia mwaka 2000. Mamlaka ya Marekani ilisema maziwa yake ni salama kwa mnywaji, na haki ni kulitaja hilo. Hoja yetu hapa ni ng'ombe na mfuko wa mfugaji.

Haki nyingine: yapo majaribio ya Marekani ambamo sindano ya somatotropini karibu na siku ya kuhimilisha, ndani ya ratiba ya gonadorelini, iliongeza mimba. Tazama tu ni kwa ng'ombe gani: waliokuwa wanalishwa vizuri na ambao ovari zao zilikuwa zinafanya kazi tayari. Ini lao lilikuwa linasikia, IGF-1 ikapanda. Mchukue sasa chotara wa hapa, anayetoa lita 8, anayekula majani makavu ya Februari na kuhema kwa joto. Maziwa mengi maana yake mwili unazalisha joto jingi zaidi. Asilimia 10 ya lita 8 haifiki hata lita moja. Akichelewa mimba kwa mizunguko mitatu tu ya siku 21, umepoteza miezi miwili ya uzao ujao. Akiugua kiwele, maziwa ya siku za matibabu yanamwagwa, na ukipeleka yenye dawa kituoni unaharibu tangi la wenzako. Tunaipa sifuri kwa matumizi ya Tanga, na yeyote anayekuletea chupa isiyo na namba ya usajili ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, akidai ni ya kuongeza maziwa, hata kama bei ni ya kutupa, mkatalie.

Ndugu zake wa upande wa nyama ni vipandikizi vya sikioni, vyenye estrojeni, trenboloni au zeranoli, vinavyowekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio ili dume aliyehasiwa ajenge msuli haraka. Ulaya haivikubali hata kwa nyama inayoingizwa, tangu mwaka 1989. Kwa anayenenepesha madume au mbuzi kwa ajili ya Idd, jibu ni fupi: bila chakula kingi hakifanyi kitu, na kikiwekwa kwa mtamba au dume la mbegu kinaharibu uzazi, mtamba akichelewa kupevuka na korodani za dume dogo zikidumaa. Kipandikizi hicho hakipambanui dume la kuchinja na mtamba uliyemtunza miaka miwili.

Na kwa kuwa swali linaulizwa kila tukitaja homoni: kuku wa nyama wanaokua kwa wiki sita hawachomwi homoni ya ukuaji. Ingebidi kila kuku achomwe mara kwa mara, na gharama ingepita bei ya kuku. Ukuaji ule umetokana na uchaguzi wa wazazi kwa vizazi vingi, pamoja na chakula.

Oksitosini tumeiacha mwisho kwa sababu madhara yake hayana kelele. Ni homoni ya kushusha maziwa, ambayo ng'ombe huitoa mwenyewe akisikia ndama, ndoo au mkono wa mkamuaji. Daktari huitumia, yuniti 10 hadi 20, kwa mtamba wa uzao wa kwanza anayezuia maziwa, kwa ng'ombe aliyefiwa na ndama, au kutoa mabaki ya maziwa kwenye kiwele kinachotibiwa. Kazi yake ni ya dakika chache, kisha inaondoka kwenye damu. Tatizo ni mkamuaji wa kulipwa anayeichoma kila asubuhi na jioni ili amalize mabanda sita kabla gari la maziwa halijapita. Baada ya wiki kadhaa ng'ombe haachii tena bila sindano, maziwa yanabaki kiweleni, na mabaki hayo ni chakula cha vijidudu vya ugonjwa wa kiwele. Sindano hizo, moja kwa ng'ombe wote, zinahamisha pia magonjwa ya damu kama ndigana baridi. Kizazi nacho kinasikia oksitosini hiyo kila siku, na ng'ombe aliyehimilishwa hahitaji kizazi kinachobanwabanwa.

Kama ng'ombe wako ameshazoeshwa, usiikate siku moja. Punguza dozi kwa robo kila baada ya siku tatu nne, na saa za kukamua zisibadilike. Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kikande kwa dakika nzima, kisha anza kukamua mara moja, kwa sababu homoni yake mwenyewe hudumu dakika 5 hadi 8 tu. Mpe chakula cha ziada wakati wa kukamua badala ya kabla. Ndama kama yupo, anyonye kidogo mwanzo, afungwe mbele ya mama yake. Mkamuaji awe yuleyule, asipige kelele wala fimbo, kwani ng'ombe aliyeogopa hutoa adrenalini, na adrenalini huzuia oksitosini isifike kiweleni. Maziwa yatapungua siku za mwanzo. Kagua kila chuchu kwa kikombe chenye kitambaa cheusi asubuhi na jioni katika kipindi hicho, na ukiona mabonge, mwite daktari siku hiyohiyo.